Dawa za mama kwenda Dubai: zipi zinapita, zipi zinaombewa kibali

Swali: Ninaishi Umoja, hapa Nairobi. Mama yangu ana miaka 67, ana kisukari na presha, na kwa muda mrefu sasa anaumwa mgongo. Anajidunga insulini asubuhi na jioni, anameza metfomini na losatani, na kwa ajili ya maumivu ya mgongo na miguu inayowaka moto ameandikiwa tramadoli na pregabalini. Usiku humeza diazepamu ndipo apate usingizi. Kaka yangu anafanya kazi Dubai na amemkatia tiketi akakae naye miezi miwili. Safari ni baada ya wiki saba. Jirani anatushauri tutoe dawa kwenye pakiti zake tuzichanganye katika mkebe wa vitamini ili mama asisumbuliwe uwanjani. Mwingine anasema tumpe kijana fulani anayesafiri mapema atangulie nazo, au tuzitume kwa kuria. Kwani karatasi ya daktari haitoshi?

Jibu: Dadangu, nianze na huo mkebe wa vitamini, maana ndio unaoweza kumtia mama taabani kuliko yote uliyoyataja. Msifanye hivyo. Wala msimpe kijana wa watu hizo dawa, wala msizitume kwa kuria. Karatasi ya daktari inatosha kwa dawa tatu kati ya sita: insulini, metfomini na losatani. Kwa tramadoli, pregabalini na diazepamu haitoshi. Hizo tatu zinadhibitiwa katika Falme za Kiarabu, na anayeingia nazo anatakiwa awe ameomba na kupata kibali cha mamlaka ya afya ya huko kabla hajapanda ndege. Wiki saba zinatosha mkianza wiki hii.

Watu wengi hapa kwetu huamini kwamba dawa iliyoandikwa na daktari ni halali popote mgonjwa aendapo. Ukweli ni kwamba afisa wa forodha wa nchi nyingine hana sababu ya kuuliza kwanza nani aliiandika. Anauliza ndani ya tembe mna nini, na je, hicho kilichomo kimo katika orodha ya nchi yake? Daktari wa Nairobi ana mamlaka ya kumtibu mama akiwa Kenya. Hana uwezo wa kubadilisha orodha ya Dubai, hata awe bingwa wa namna gani.

Na orodha hizo zinatofautiana. Ipo mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa ambayo karibu nchi zote zimeiridhia: wa 1961 unaohusu dawa za jamii ya afyuni, kama mofini na kodeini, na wa 1971 unaohusu dawa zinazoathiri akili, ambamo diazepamu imo. Kwa hiyo diazepamu ni dawa ya kuangaliwa kwa makini karibu kila mpaka duniani. Lakini tramadoli haimo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Kila nchi imejiamulia. Ndiyo maana mtu anaweza kukuambia kwa dhati kabisa kwamba alisafiri nayo mahali fulani bila kuulizwa neno, naye hasemi uongo, ila alikwenda nchi nyingine. Mwaka 2017 mwanamke mmoja Mwingereza alikamatwa akiingia Misri na vidonge 290 vya tramadoli, akasema anampelekea mpenzi wake anayeumwa mgongo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Dawa ambayo kwao Uingereza hupatikana kwa karatasi ya daktari, kule ilikuwa kosa la jinai.

Pregabalini ndiyo inayowashangaza wengi zaidi, kwa sababu wagonjwa wa kisukari huijua kama dawa ya miguu tu, ile inayopunguza moto na sindano za nyayoni. Lakini nchi kadhaa zimegundua kwamba kuna watu wanaitumia kujilevya, na zimeibana. Uingereza iliiingiza katika dawa zinazodhibitiwa Aprili 2019, na Falme za Kiarabu nazo zinaihesabu hivyo. Mama hana habari na hayo, na wala si kosa lake.

Sasa kazi yenyewe. Leo jioni toa dawa zote za mama mezani, zote, pamoja na zile anazoweka kwenye mkoba na zile za droo ya kitanda. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa la pakiti. Jina kubwa ni la kampuni, hilo dogo ndilo la dawa, na ndilo litakaloangaliwa kwenye orodha. Angalia hasa dawa za kichwa na za kikohozi zilizonunuliwa kemisti bila karatasi yoyote. Betapyn, kwa mfano, ambayo Wakenya wengi hutembea nayo kama peremende, ina kodeini ndani. Zipo pia dawa za maji za kikohozi zenye kodeini. Hizo zibaki nyumbani. Mama akiumwa kichwa Dubai, parasetamoli ya kawaida itapatikana duka la dawa lililo karibu na kaka yako. Na kwa kuwa ndugu na majirani hupenda kutuma mizigo kwa anayesafiri, mwambie mama asikubali kubeba kifurushi cha mtu, hasa cha miraa. Miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria za kule, hata kama ni kishada kimoja.

Halafu kuna hii tabia yetu ya bahasha. Ukienda zahanati au kemisti unahesabiwa tembe, zinatiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, juu yake inaandikwa 1x3 na pengine jina la dawa lisilosomeka. Kwa matumizi ya nyumbani mgonjwa hupata nafuu na maisha yanaendelea. Mpakani bahasha hiyo ni tembe zisizo na jina. Muombe mfamasia akupe dawa za safari katika pakiti zake kamili, zenye jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na abandike juu lebo yenye jina la mama. Kama dawa hutoka kwenye mkebe mkubwa wa hospitali, muulize kama anaweza kukupa ya pakiti. Tofauti ya bei si kubwa ukilinganisha na usumbufu utakaouepuka.

Baada ya hapo, daktari. Hapa nataka usikimbilie kuomba barua peke yake. Mwulize daktari kwanza kama mama anazihitaji dawa zote tatu zinazodhibitiwa. Nasema hivi kama mfamasia, hata kusingekuwa na safari. Tramadoli, pregabalini na diazepamu kila moja huleta usingizi na hupunguza kasi ya kupumua. Zikikutana katika mwili wa mtu wa miaka 67, athari zinajumlishana. Mzee anaamka usiku kwenda msalani, kichwa kizito, miguu haina nguvu, anaanguka. Diazepamu hukaa mwilini mwa wazee muda mrefu kuliko kwa vijana, kwa hiyo ile ya jana bado ipo anapomeza ya leo. Tramadoli nayo inaweza kushusha sukari, na mama tayari yuko kwenye insulini. Huenda daktari aliyeandika moja hakujua kwamba mwingine ameandika ya pili. Katika hospitali zetu hilo hutokea sana: kliniki ya kisukari ina faili lake, ya mifupa lake, na mgonjwa ndiye anayebeba habari kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Ikiwa daktari ataona moja au mbili zinaweza kuachwa au kubadilishwa, safari itakuwa nyepesi na afya ya mama pia. Lakini zisiachwe ghafla. Tafadhali lishike hili. Mtu aliyetumia diazepamu kila usiku kwa muda mrefu akiikatiza kwa siku moja anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata kupata degedege. Pregabalini na tramadoli nazo hupunguzwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, daktari akifuatilia. Ndiyo sababu nimesisitiza muanze sasa. Wiki saba zinampa daktari nafasi ya kuanza kupunguza kwa utaratibu, ingawa kwa aliyetumia muda mrefu huenda zisitoshe kumaliza. Siku tatu kabla ya ndege hazitoshi, na huko ndiko watu hufanya maamuzi ya hatari, ama mama aache zote mara moja au azifiche.

Zitakazobaki ndizo za kuombewa kibali, na hapo barua ya daktari inahitaji kuandikwa vizuri. Iwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, na isiwe imepitwa na wakati. Jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Hili huwaponza wengi kwa sababu kadi ya kliniki ina jina moja la ubatizo na la ukoo kwa kifupi, pasipoti ina majina matatu, na afisa asiyetujua hawezi kukisia kwamba ni mtu yuleyule. Barua itaje ugonjwa unaotibiwa, kila dawa kwa jina lake halisi badala ya jina la kampuni, nguvu yake, anatumia mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na jumla yake. Hesabu ilingane. Kama tramadoli ni ya miligramu 50 mara mbili kwa siku kwa siku 60, jumla ni tembe 120, na kwenye begi kuwe na tembe 120, zisiwe 200 za akiba. Chini kuwe na jina la daktari, sahihi, mhuri, simu ya kazini, na namba yake ya usajili katika baraza la madaktari. Omba pia nakala ya karatasi ya dawa yenyewe na ripoti fupi ya matibabu, kwa sababu waombaji wa kibali huulizwa zote mbili.

Ombi la kibali hufanywa mtandaoni katika tovuti ya serikali ya huko, chini ya huduma za afya, kwenye fomu ya kuingiza dawa kwa matumizi ya mgonjwa binafsi. Kaka yako anaweza kumsaidia mama kuijaza kwa kuwa yupo huko na anazijua tovuti zao, lakini mgonjwa ni mama na jina liwe la mama. Mtapakia nakala ya pasipoti, karatasi ya dawa na ripoti. Kiasi cha dawa mnachoomba kilingane na siku atakazokaa. Kwa dawa za kawaida zisizodhibitiwa, msafiri huruhusiwa kwa kawaida mahitaji ya hadi miezi 3, kwa hiyo insulini na vidonge vya presha vya miezi miwili havina tatizo. Kwa zinazodhibitiwa, fuateni kiasi kitakachoandikwa kwenye kibali, hata kama ni kidogo kuliko mlichoomba. Kibali kikitoka, chapisheni nakala mbili. Simu huzimika, na intaneti ya uwanja wa ndege haifanyi kazi kila mara unapoihitaji.

Kama kibali hakijatoka siku ya safari ikifika, na daktari bado hajaweza kumwachisha mama hizo dawa, ahirisheni tiketi. Najua inauma, tiketi ni pesa na kaka yako amejinyima kuinunua. Lakini sioni njia ya tatu ninayoweza kukushauri kwa dhamiri safi.

Nirudi kwa kijana na kuria, maana umeuliza na nimekujibu kwa mkato. Ruhusa ya kubeba dawa kwa matibabu binafsi hufungamana na mgonjwa anayesafiri na dawa zake mwenyewe. Kijana huyo hana maumivu ya mgongo, hana karatasi yenye jina lake, na akikutwa na tembe 120 za tramadoli hakuna barua ya mama itakayomtoa. Mnamweka mtoto wa wenyewe katika hatari ambayo yeye haijui. Kifurushi cha kuria nacho hakihesabiwi kama dawa za msafiri. Ni uagizaji wa dawa kutoka nchi nyingine, una masharti yake, na kwa dawa zinazodhibitiwa masharti hayo ni ya makampuni yenye leseni. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri wa kawaida wa kugawa dawa katika mabegi ya watu wawili ili zisipotee zote usiutumie kwa hizi tatu. Zote zikae na mama.

Mama abebe dawa zote kwenye begi la mkononi. Begi la kupakia chini linaweza kubaki Nairobi au kwenda mji mwingine, na zaidi ya hapo linaweza kuharibu insulini. Insulini ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, na sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwa na baridi kali. Chupa au kalamu ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa hukaa kwa wiki nne hivi mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina yake, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Kwa safari ya saa tano hivi za moja kwa moja kutoka Jomo Kenyatta, mfuko wa baridi wenye vibarafu vilivyofungwa kwenye kitambaa unatosha. Barafu isiguse insulini yenyewe. Taabu kubwa itaanza baada ya kutua: kiangazi cha Dubai hupita nyuzi 40, na dakika chache ndani ya gari lililoegeshwa juani zinatosha kuiharibu. Mwambie kaka yako aende kumpokea akilijua hilo.

Ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 haiwabani wagonjwa kwa dawa zao. Mama awaambie wakaguzi mapema, kabla begi halijaingia kwenye mashine, kwamba ana insulini na sindano, awaonyeshe barua. Abebe kipimo chake cha sukari pamoja na biskuti au glukosi, kwa sababu foleni huwa ndefu na chakula cha ndege huchelewa. Saa za Dubai ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo ratiba ya sindano haihitaji kubadilishwa sana. Aendelee na asubuhi na jioni kama kawaida.

Akifika, asisubiri kuulizwa. Aende upande wa wenye vitu vya kutangaza, atoe kibali na barua, aonyeshe dawa. Kama Kiingereza cha mama si cha haraka, mwandikieni kadi fupi ya Kiingereza inayosema yeye ni mgonjwa wa kisukari, anabeba dawa zake, kibali ni hiki, na mwanawe anamsubiri nje kwa namba hii ya simu. Mzazi wa umri wake akisimama mbele ya afisa mwenye sare, anaweza kusahau hata jina la dawa anayoitumia kila siku. Kadi itamsemea.

Hakikisheni pia tiketi haina kituo katikati. Kama ndege inapitia nchi nyingine na mama analazimika kutoka nje ya uwanja kulala, sheria za dawa za nchi hiyo nazo zinamhusu, hata kama atalala usiku mmoja tu. Swali hili huletwa sana na wanaokwenda Hija: Saudia nayo huomba kibali cha mapema kwa dawa zinazodhibitiwa, na anayepanga kupitia Dubai kwenda Jeddah awe amejiandaa kwa nchi zote mbili. Kwa nchi nyingine, Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, yenye makao yake Vienna, ina ukurasa unaoonyesha kanuni za nchi mbalimbali kwa wasafiri wenye dawa. Anzia hapo, kisha uthibitishe na ubalozi wa nchi husika hapa Nairobi, kwa sababu orodha hubadilika. Msidhani mipaka ya karibu haihesabiki. Namanga na Busia ni mipaka ya kimataifa kama uwanja wa ndege, na Tanzania na Uganda zina mamlaka zao za dawa na sheria zao za dawa za kulevya.

Kuhusu kurudi, mama abebe karatasi zilezile pamoja na tembe zitakazokuwa zimebaki, zikiwa bado kwenye pakiti zake. Akitibiwa Dubai na kuandikiwa dawa mpya, aombe ripoti ya hospitali na risiti ya duka la dawa, zote zenye jina lake la pasipoti. Sisi pia tuna sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na Bodi ya Famasia na Sumu ina maafisa katika vituo vya kuingilia nchini. Na kama kaka yako atataka baadaye kuwa anamtumia mama dawa kutoka huko kila baada ya miezi michache, basi kabla hajatuma chochote uende kwenye Bodi hiyo na karatasi ya daktari wa hapa uulize kuhusu kibali cha kuingiza dawa kwa mgonjwa mmoja. Kifurushi kikishafika bila kibali, kukikomboa ni kazi nyingine kabisa, na insulini haitawasubiri mmalize kujadiliana.